Pua Yangu Katika Kioo

Nimeuchora uso wangu mara tatu, na mara zote tatu pua ndiyo iliyonihangaisha. Naomba msomaji asinicheke. Pua hii imeniletea sifa nisizostahili na maswali nisiyostahili, na nilipotafuta chanzo chake nilijikuta nasoma historia ya Buha.

Nilizaliwa Nyakitonto, Kasulu, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage. Baba alikuwa Muha wa jembe. Bibi mzaa mama alitoka katika ukoo wa wafugaji, wale waliokuwa wakiitwa Watutsi, na kwake ndiko nilikorithi pua nyembamba. Bibi mwenyewe hakuijali. Kwake, mtu mzuri alikuwa mwenye macho ya ndama, ngozi iliyokolea samli na shingo iliyozoea mtungi. Pua ilikuwa ya kupumulia tu.

Shuleni ndiko nilikojua kwamba ninayo. Wenzangu walisema mimi ni mzuri kwa sababu nina "pua ya Kitutsi", na wenye pua pana wakainamisha nyuso. Siku moja mwalimu alituagiza tujichore kwa mkaa. Kioo kilikuwa kimoja, tukapokezana. Nilipomaliza, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja aliitazama karatasi yangu akasema, "Wee, huyu si wewe. Huyu ni yule mwanamke wa kwenye karatasi ya sabuni." Alisema kweli. Nilikuwa nimeirefusha pua na kuuacha uso mweupe, mkaa wote nikaumalizia kwenye nywele. Yeye alikuwa amejichora ameshika ua mbele ya pua.

Mara ya pili ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuja kwetu. Wengine walikuwa wametangulia tangu mauaji ya 1972. Tulielewana nao bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Lakini undugu huo ukawa mtego kwetu wenyeji. Nilikwenda ofisi moja kuomba hati ya kusafiria. Kijana aliyekuwa mezani aliitazama picha yangu, akanitazama mimi.

"Mama, hebu geuza uso pembeni kidogo."

Nikageuza.

"Sasa Mama, sema kweli. Wewe ni wa huku, au ni wa ng'ambo ya mpaka?"

Nilitajishwa mababu, nikaleta na mashahidi. Jioni ile, nyuma ya bahasha, nilijichora kwa kalamu ya wino. Pua niliipanua, midomo nikainenepesha. Nilikuwa najitengenezea uso wa uraia.

Tangu siku hiyo swali moja halikunitoka. Rula iliyonisifu shuleni ndiyo hiyohiyo iliyonishitaki ofisini. Nani aliikata?

Mwezi Februari 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji, hapa hapa Kigoma. Speke alirudi tena katika nchi za maziwa makuu, na mwaka 1863 akachapisha kitabu. Humo alidai kwamba watawala wa nchi kama Karagwe na Buganda walikuwa wageni kutoka Uhabeshi, wa damu bora kuliko raia wao. Msingi mmoja wa dai hilo ulikuwa sura zao. Yeye mwenyewe aliiita nadharia. Waliomfuata waliifanya sheria. Wabelgiji waliitwaa Kigoma kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921, lakini Rwanda na Burundi walibaki nazo. Huko Rwanda wataalamu walipima watu vichwa na pua, na katika miaka ya 1930 serikali yao ikatoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja likatosha kumuua mtu.

Kwetu Buha walikuwepo Abami wa ukoo wa Kitutsi, kule Heru na Muhambwe, na hawakutawala kwa usawa. Sitaki kuipaka sukari habari hiyo. Lakini kilichomtenga mkubwa na mdogo kilikuwa ng'ombe zaidi ya pua. Kwa desturi ya ubugabire, mwenye ng'ombe alimpa mwenzake mnyama, naye akalipwa kwa utumishi na utii. Na watu walioana. Mimi ni mmoja wa ushahidi wa ndoa hizo.

Rafiki yangu wa dawati moja naye alipimwa kwa rula ileile. Alipokuwa msichana mkubwa alianza kupaka mkorogo. Zebaki iliyomo katika baadhi ya mafuta hayo huharibu ngozi na figo. Yeye uso ulimtoka mabaka ambayo hayajafutika hadi leo.

Nimemsimulia mara nyingi habari za Siti binti Saad wa Fumba, Unguja. Watu walimdhihaki kwa sura yake na asili yake, naye akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikaingia katika sahani za santuri, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Nimemsimulia pia Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, aliyejichora tena mwaka 1669, mwaka aliokufa, akiwa na miaka 63. Ile pua yake nene iliyovimba aliiacha ilivyo.

Mara ya tatu nimejichora mwaka huu, kwa penseli, kioo nimekiegemeza kwenye mtungi. Mkono ulitaka kuirefusha pua, kisha ukataka kuipanua. Nikafuta mara nyingi mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Mwishowe ilitokea pua ya bibi, juu ya mdomo wa baba, na mikunjo ambayo ni yangu peke yangu.

Rafiki yangu alipopita nilimwonyesha. Aliitazama kwa muda mrefu, mkono ukiwa shavuni, juu ya mabaka. Kisha akauteremsha, akauliza kama nina karatasi nyingine.