Nyumba ya Mungu: Bwawa Lililotangulia Mjadala wa Makaa

Ukisafiri kutoka Same kwenda Moshi, Milima ya Upare huwa mkono wako wa kulia. Kushoto ni nyika kavu, na ng'ambo ya nyika hiyo, upande wa Mwanga, limetanda Bwawa la Nyumba ya Mungu. Lilikamilika katikati ya miaka ya 1960, pale inapokutana Kikuletwa, yenye maji ya Meru na Kilimanjaro, na Ruvu itokayo Ziwa Jipe. Kabla muongo huo haujaisha, mitambo miwili ya megawati 4 kila mmoja ilikuwa ikifua umeme.

Megawati 8 ni kidogo. Mtambo mmoja kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere una megawati 235. Lakini kuipima Nyumba ya Mungu kwa mitambo yake peke yake ni kuionea. Kazi yake kubwa ni kulimbikiza maji ya masika ili Mto Pangani usikauke kiangazi na vituo vya chini viendelee kufanya kazi. Miongoni mwavyo ni Hale, chenye megawati 21, na Pangani, ambako umeme ulianza kufuliwa miaka ya 1930 kwa ajili ya Tanga na mashamba yake ya mkonge, na ambako mwaka 1995 kilifunguliwa kituo kipya cha megawati 68. Maji yaleyale huzungusha mitambo ya vituo vitatu kabla ya kuingia Bahari ya Hindi.

Wapare walijua kulimbikiza maji zamani mno. Katika miteremko ya Same, kama kule Vudee, ndiva, yaani mabwawa madogo ya kienyeji, hujazwa usiku kwa maji ya kijito, kisha asubuhi hufunguliwa na mashamba yakamwagiliwa kwa zamu. Anayezibua mfereji ndiye anayekula mahindi yake. Bwawa kubwa lilikuja na utaratibu mwingine: maji yalilindwa kwa ajili ya mitambo iliyo mbali. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota humo, ulizinduliwa Machi 2025. Takriban miaka 60 ilipita, na hilo halikuwa haki kwa watu wa Same.

Tuje kwenye moshi. Kituo cha makaa ya mawe hutoa takriban tani moja ya hewa ukaa kwa kila megawati-saa. Megawati 8 zikifanya kazi mwaka mzima bila kusimama ni megawati-saa 70,080. Kwa makaa, hizo ni kama tani 70,000 za hewa ukaa kila mwaka. Kweli, bwawa halizalishi kwa kiwango hicho daima, maana ukame hulibana, na mimea iliyozama hutoa methani. Hata hivyo halina bomba la moshi, wala mlima wa majivu.

Wakenya walifika njia panda ya makaa huko Kwasasi, Lamu, walipopangiwa kituo cha makaa cha megawati 1,050, sawa na Nyumba ya Mungu 131. Wavuvi na wakazi walipinga, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira likafuta leseni yake, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwetu, makaa ya Mchuchuma, Ludewa, bado yanatajwa kila nchi inapokosa umeme.

Wanaoyataja wapande kwanza Shengena, kilele cha Upare chenye urefu wa mita 2,462. Vijito vya msitu wake wa Chome hushuka hadi Mkomazi, na Mkomazi humwaga maji yake Pangani, juu ya Hale. Anayekata miti huko anapunguza umeme. Naiomba serikali itenge sehemu ya mapato ya umeme wa Pangani kwa vijiji vinavyoulinda msitu huo, na itenge sasa, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa makaa.