Nyang'au na Nduli: Bifu la Majirani Kabla ya Mitandao

Kama unadhani Wabongo na Wakenya wameanza kurushiana madongo mitandaoni, waulize wazee wa Musoma. Enzi zao kulikuwa na redio na majukwaa tu, na dongo lililotamba lilikuwa moja: nyang'au.

Nyang'au ni mnyama mla nyama, mkali, wa kufananishwa na fisi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, siasa ya Ujamaa ilijaa majina ya wanyama. Mkoloni aliitwa beberu, yaani mbuzi dume. Mnyonyaji akawa kupe. Kenya iliyochagua ubepari ikaangukiwa na nyang'au, nchi ya mtu kula mtu. Nairobi nao hawakukaa kimya: basi Tanzania ni nchi ambayo mtu hali kitu! Kwa foleni za sukari zilizokuja baadaye, hilo liliuma kweli.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ikafunga mpaka. Si maneno tu yaliyofanya hivyo, pesa ilikuwemo: watalii walilala na kulipa Nairobi, kisha wakaja kutazama simba wa Serengeti. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983.

Sasa fikiria Mara. Ukitoka Bunda ukanyoosha na lami kupita Tarime, unafika Sirari, na ng'ambo ni Isebania, Kenya. Wakurya wapo pande zote mbili, Wajaluo vilevile. Ukisema Wakenya ni manyang'au, pale umemtukana shemeji yako.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978, neno lilikuwa jingine: nduli, muuaji asiye na huruma. Hili lilikuwa na mwenyewe. Nduli ni Amin, si Waganda. Ndiyo maana Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala bega kwa bega na Waganda waliotoka uhamishoni, na hakuna aliyehitaji kuelezwa imekuwaje. Nyang'au halikuwa na mwenyewe, kwa hiyo lilimwangukia yeyote: waziri, mfanyabiashara, hata mama muuza ndizi wa Isebania.

Siku hizi Wakenya wanatupiga na "Danganyika", na nyang'au bado hufufuliwa bifu likikolea. Nduli amebaki na Amin wake.