Barafu Haina Mwenyewe

Waliotazama Kombe la Dunia la mwaka 2002 huenda wanakikumbuka kituko cha Daegu, Juni 10. Marekani ilikuwa mbele kwa bao moja, Korea Kusini ilikuwa imeshapoteza penalti, na uwanja mzima uliovaa nyekundu ulianza kukauka koo. Dakika ya 78 Ahn Jung-hwan akaruka, akaugusa mpira kwa kichwa, wavu ukatikisika. Akakimbilia kona, akainama, mkono mmoja mgongoni, akawa anasukuma miguu kushoto na kulia kama mtu anayeteleza. Wenzake wakajipanga nyuma yake, nao wakateleza. Lee Chun-soo yeye akainua mikono juu kama anayelalamika kwamba amezibiwa njia.

Huku kwetu wengi tuliona ni mbwembwe za kushangilia bao, kama zile za Roger Milla na kibendera cha kona. Wakorea hawakuhitaji kufafanuliwa. Lilikuwa deni la miezi minne, na lilitoka katika mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona: mbio fupi za kuteleza kwenye barafu.

Mkasa wenyewe ulitokea Salt Lake City, Februari 20 mwaka huo, kwenye fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya majira ya baridi. Kim Dong-sung wa Korea Kusini alimaliza wa kwanza, akaishika bendera, akaanza kuzunguka nayo. Nyuma yake, Mmarekani Apolo Ohno alikuwa ameinua mikono kuonyesha kwamba amezuiwa alipojaribu kupita. Mwamuzi mkuu, James Hewish wa Australia, akamwondoa Kim, na dhahabu ikaenda kwa Ohno. Kim akaibwaga bendera kwenye barafu. Barua pepe za hasira zilizomiminika kutoka Korea, kwa maelfu, ziliilemea mitambo ya kamati ya Olimpiki ya Marekani hadi ikazimika. Rufaa ikakataliwa, kesi ikafika mahakama ya usuluhishi wa michezo, nako ikagonga mwamba.

Kwa nini taifa zima liumie hivyo kwa sababu ya mtu kuteleza dakika mbili na ushei? Kwa sababu hapo ndipo lilipopata heshima yake ya kwanza katika michezo ya baridi, na halikuwa peke yake. Nikihesabu mataifa yaliyopata dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki ya baridi kwenye mbio hizi, naona manne yasiyofanana kwa lolote: Korea Kusini, China, Australia na Hungaria. Sijui mchezo mwingine wa theluji au barafu uliowafungulia mlango wageni namna hiyo.

Mbio za barafu za zamani, zile za Waholanzi na Wanorwei, hukimbiwa kwenye mzingo wa mita 400. Wawili wawili, kila mmoja kwenye mstari wake, na anayeamua ni saa. Amerika Kaskazini walikuwa na mila nyingine: watu wanaachiwa kwa pamoja, kundi zima, na anayefika kwanza ndiye mshindi. Mwaka 1932, Olimpiki ilipofanyika Lake Placid, Wamarekani waliamua mashindano yaendeshwe kwa mtindo wao. Bingwa mkubwa wa Finland, Clas Thunberg, akagoma kwenda. Wenyeji wakazoa dhahabu zote nne za wanaume, Jack Shea mbili na Irving Jaffee mbili, na Ulaya ikarudi nyumbani imenuna.

Mtindo ule ulihamia ndani ya majumba, kwenye viwanja vya hoki ya barafu vilivyokuwa vimejaa katika miji ya Canada na Marekani. Uwanja wa mbio hizi una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30, kwa hiyo mzingo ukabana hadi mita 111.12. Shirikisho la kimataifa liliutambua mchezo mwaka 1967, ukawa wa maonyesho tu Calgary mwaka 1988, na medali za kweli zikaanza kutolewa Albertville, Ufaransa, mwaka 1992.

Kubana huko ndiko kulikobadilisha kila kitu. Kwenye mzingo mfupi namna ile, mtelezaji akitoka kona moja anaingia nyingine, kwa mwendo unaokaribia kilomita 50 kwa saa. Hulala upande wa kushoto mpaka vidole vinaparuza barafu, ndiyo maana ncha za glavu ya mkono huo hupakwa gundi ngumu ili ziteleze. Chuma cha kiatu hakikai katikati ya soli. Kimesogezwa kushoto na kupindwa kidogo kufuata mkato wa kona, kwa kuwa mbio zote ni za kukata kushoto, kinyume cha saa. Kila kona ina vijiwe saba vyeusi vya mpira, na kati ya mbio na mbio watu huingia na ndoo kumwagia maji mahali palipochimbika. Ukutani pamepangwa magodoro. Wanariadha huvaa kofia ngumu, kinga ya shingo na nguo isiyokatika kwa wembe, maana chuma cha mwenzako ndicho cha kuogopwa kuliko ukuta.

Saa haina kazi kubwa hapa. Unaweza kuvunja rekodi ukawa wa tatu, na unaweza kushinda kwa mwendo wa kobe ilimradi wengine wawe nyuma yako. Wenye kuukejeli mchezo huu huuita bahati nasibu yenye viatu. Nawaelewa, ingawa sikubaliani nao, na nitawajibu kwa mfano mmoja. Pyeongchang mwaka 2018, kwenye nusu fainali ya wanawake ya kupokezana mita 3,000, Mkorea mmoja alianguka ikiwa imebaki mizunguko 23. Wenzake walimfuata, wakapokea, wakafukuza timu moja baada ya nyingine, wakashinda, tena kwa rekodi ya Olimpiki. Bahati nasibu gani hiyo?

Korea ilishiriki Olimpiki ya baridi kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Kwa miaka 44 ilirudi mikono mitupu. Haikuwa na milima ya Alps, na haikuwa na ukoo wa mabingwa wa kuteleza. Viwanja vya ndani ilikuwa navyo, pamoja na makocha waliokuwa tayari kuzunguka mzingo ule mara elfu. Albertville, Kim Ki-hoon alishinda mita 1,000, dhahabu ya kwanza ya baridi kwa nchi yake. Siku chache baadaye, kwenye kupokezana mita 5,000, alimalizia mzunguko wa mwisho bega kwa bega na Mcanada. Karibu na mstari akautupa mguu mbele, akautanguliza ubapa wa kiatu. Korea dakika 7 na sekunde 14.02, Canada 7 na 14.06. Mshindi huamuliwa na ncha ya chuma na si kifua, na Kim alikuwa amelifanyia hilo mazoezi. Leo kila mtoto anayeanza mchezo huu hufundishwa kurusha mguu. Nagano mwaka 1998 Kim Dong-sung, yule yule wa bendera, alimnyang'anya Li Jiajun wa China dhahabu ya mita 1,000 kwa ujanja huo huo.

Umaskini wa vifaa si hoja ndogo. Ili kumpata bingwa wa kushuka mlima unahitaji mlima. Hapa unahitaji chumba kikubwa na mashine ya kugandisha maji. Nairobi yenyewe imewahi kuwa na barafu ya ndani, kwenye jengo la Panari pale Barabara ya Mombasa, na vijana wa hoki wa Ice Lions wakajifunzia hapo, ijapokuwa uwanja wenyewe ni mdogo kuliko kipimo cha Olimpiki. Maame Biney, aliyezaliwa Accra na kukulia Marekani, aliteleza mbio hizi Pyeongchang akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza katika timu ya Olimpiki ya Marekani ya kuteleza kwa kasi. Bado hatujamwona wa kutoka huku kwetu, na sioni sababu inayotokana na hali ya hewa.

Ila mchezo unaowafungulia wageni mlango hauna adabu kwa wenye nyumba. Ahn Hyun-soo alizoa dhahabu tatu kwa Korea mjini Turin mwaka 2006. Baadaye akavunjika goti, akakosa Olimpiki ya Vancouver, timu ya mji wake ikavunjwa, na ugomvi wa makundi ndani ya mchezo ukamchosha. Mwaka 2011 akachukua uraia wa Urusi na jina jipya, Viktor, kwa heshima ya Viktor Tsoi, mwimbaji wa roki wa Urusi mwenye asili ya Korea. Sochi mwaka 2014 alishinda dhahabu tatu nyingine kwa bendera mpya, akapiga magoti akaibusu barafu. Wanaume wa Korea hawakupata hata shaba, na Rais Park Geun-hye mwenyewe akauliza hadharani imekuwaje.

Miaka minne baadaye zamu ilikuwa ya Hungaria, nchi iliyokuwamo kwenye Olimpiki ya baridi tangu ile ya kwanza ya Chamonix mwaka 1924. Ilisubiri miaka 94. Dhahabu yake ililetwa na vijana wanne kwenye kupokezana mita 5,000, wawili kati yao wakiwa ndugu, Shaolin Sándor Liu na Shaoang Liu, ambao baba yao ni Mchina. Wakorea, waliokuwa nyumbani kwao, walianguka kwenye fainali hiyo. Nao ndugu hao sasa huteleza kwa bendera ya China, kwa hiyo hesabu ya nani anamdai nani inazidi kuchanganya.

Usiku mkubwa kuliko yote nimeuweka kiporo kwa makusudi. Ni wa Februari 16, 2002, Salt Lake City, siku nne kabla ya mkasa wa Kim Dong-sung. Usiku huo mmoja, kwenye barafu ile moja, mataifa mawili yalipata dhahabu zao za kwanza.

Ya kwanza haikumshangaza mtu. Yang Yang wa China alikuwa bingwa wa dunia mara nyingi. Timu yao ilikuwa na wanawake wawili wenye jina hilo hilo, ikabidi mmoja aandikwe Yang Yang (A) na mwenzake Yang Yang (S) kwenye karatasi za matokeo. Huyu wa (A) aliteleza mita 500 akashinda, na China, iliyoingia michezo hii mwaka 1980, ikaacha kusubiri.

Ya pili ni ya Steven Bradbury wa Australia, aliyekuwa na miaka 28. Mwaka 1994 alikuwa kwenye timu iliyopata shaba ya kupokezana huko Lillehammer, medali ya kwanza ya baridi kwa nchi yake. Mwaka huo huo, kwenye mashindano Montreal, chuma cha mwenzake kilimpasua paja. Alipoteza lita nne za damu, akashonwa nyuzi 111. Mwaka 2000 akavunjika pingili mbili za shingo mazoezini, akafungwa fremu ya chuma kichwani, madaktari wakamwambia asahau barafu.

Alifika Salt Lake City akijua hawezi kushindana na vijana kwa kasi. Kwenye robo fainali alimaliza wa tatu, akapita kwa kuwa Marc Gagnon wa Canada aliondolewa kwa kumzuia mwenzake. Kwenye nusu fainali akakubaliana na kocha wake akae nyuma na kuwaacha wenye haraka wagombane. Watatu wakaanguka mbele yake. Fainali ya mita 1,000 ilikuwa na watu watano: Ohno, Li Jiajun, Mathieu Turcotte wa Canada, Ahn Hyun-soo ambaye bado alikuwa kijana mdogo, na yeye.

Akakaa nyuma tena. Kona ya mwisho ilipofika, alikuwa kama mita 15 nyuma ya kundi. Li akajaribu kumpita Ohno kwa nje, akayumba akaanguka. Ahn akajikwaa, akawaburura Ohno na Turcotte mpaka kwenye magodoro. Bradbury akapita wima katikati ya waliolala, akainua mikono huku uso wake ukionyesha kwamba hata yeye haamini. Ohno akajirusha kuelekea mstarini akapata fedha, paja likivuja damu. Turcotte akapata shaba.

Australia ilikuwa imeshiriki tangu mwaka 1936. Hii ilikuwa dhahabu yake ya kwanza, na ya kwanza kwa nchi yoyote iliyo kusini mwa ikweta. Lugha ya Waaustralia ikapata msemo: mtu akishinda kwa sababu wenzake wote wameanguka, husemwa amefanya ya Bradbury. Mwenyewe hakuudhika. Alieleza kwamba hakuipokea medali kwa ajili ya dakika moja na nusu ile, aliipokea kwa miaka iliyotangulia.

Kuna jambo moja ambalo masimulizi mengi huliruka. Ili apate hela ya kuendelea na mchezo, Bradbury alikuwa ameanzisha karakana ya kutengeneza viatu vya kuteleza. Mmoja wa waliovaa viatu vyake alikuwa Ohno, aliyetarajiwa kushinda karibu kila kitu. Kabla ya michezo Bradbury alimwandikia kumwomba kwamba, akishinda, avitaje hivyo viatu mbele ya wanahabari.