Timu Kabla ya Mtindo: Uongozi wa Vikosi vya Pamoja Bunagana, 2013 na 2023

Kanuni moja ya uongozi hufundishwa sana na kuhojiwa kwa nadra: kiongozi mzuri hubadili mtindo wake kadiri timu inavyokomaa. Mwaka 1965 Bruce Tuckman alipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu vikundi vidogo, akahitimisha kwamba kikundi hujikusanya, huvutana, hukubaliana kanuni, kisha hutenda kazi. Mwaka 1969 Paul Hersey na Ken Blanchard wakaja na upande wa kiongozi: wageni wa kazi waelekeze, walioanza kuelewa washawishi, wenye uwezo washirikishe, waliokomaa wakabidhi. Dai langu ni kwamba kanuni hiyo ina sharti ambalo watunzi wake hawakulitamka, na historia ya karibuni ya Bunagana inalifichua.

Sharti lenyewe limejificha katika data ya Tuckman. Sehemu kubwa ya vikundi alivyovisoma ilikuwa ya tiba ya nafsi na ya mafunzo ya mahusiano: watu waliokaa chumba kimoja, chini ya msimamizi mmoja, bila mkubwa mwingine nje ya mlango wa kumtii. Umoja wa timu ulikuwa umekwisha kupatikana kabla mtafiti hajaanza kuandika. Kwa vikosi vya kimataifa umoja huo ndio kwanza unatafutwa.

Bunagana ni mji mdogo wa forodha katika Rutshuru, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ukitazamana na Kisoro ya Uganda. Anayeushika hushika ushuru wa malori pamoja na njia ya kuendea Rutshuru na Goma. Waasi wa M23 waliuteka Julai 2012, na tarehe 20 Novemba mwaka huohuo wakaingia Goma huku jeshi la Kongo, FARDC, likirudi nyuma kwa fujo. Mwaka haujatimia, tarehe 30 Oktoba 2013, FARDC ilirudi Bunagana na wakazi wakaipokea kwa shangwe.

Kilichotokea katikati kinastahili kusomwa polepole. Azimio 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi 2013, liliunda brigedi ya uingiliaji kati yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Azimio halikuishia kuwaruhusu wapigane. Liliwaweka moja kwa moja chini ya kamanda wa jeshi la MONUSCO (misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo), aliyekuwa Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil, na brigedi yenyewe ikaongozwa na Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Upande wa Kongo, Jenerali Gabriel Amisi alisimamishwa kazi Novemba 2012, na operesheni za Kivu Kaskazini zikawa mikononi mwa Jenerali Lucien Bahuma na Kanali Mamadou Ndala. Mwishoni mwa Julai 2013 amri ilikuwa ya kuelekeza tu: eneo la usalama kuzunguka Goma, na saa 48 za kusalimisha silaha. Agosti, huko Kibati, vikosi vilipigana bega kwa bega. Oktoba FARDC ndiyo iliyotangulia, Kibumba, Kiwanja, Rumangabo hadi Bunagana, na MONUSCO ikasaidia. Kutoka kuelekeza hadi kukabidhi: Hersey na Blanchard wangefurahi.

Msomaji makini atauliza kuhusu Rwanda, iliyoshutumiwa kuwaunga mkono M23. Ni kweli kwamba mwaka 2012 wafadhili kadhaa walisimamisha baadhi ya misaada yao kwa Kigali, na shinikizo hilo liliendelea hadi 2013. Nalikubali, na linaeleza kwa kiasi fulani kwa nini M23 walidhoofika. Halielezi kwa nini waliokuwa wakiwakabili waliweza kusogea pamoja, jambo ambalo lilihitaji wajue nani anaamuru na kazi ni ipi.

Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilianguka tena. Safari hii jibu lilitoka Jumuiya ya Afrika Mashariki: Wakenya walifika Novemba 2022, Warundi Machi 2023, Waganda wakaingia Bunagana mwishoni mwa mwezi huo, na Wasudani Kusini wakafuata. Kamanda wa kwanza, Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, aliongoza kwa mashauriano na subira. Kinshasa ilitaka kikosi kiwashambulie M23. Viongozi wa kikanda walizungumzia kusimamia uondokaji wa waasi hao. Februari 2023 huko Bujumbura, Rais Tshisekedi wa Kongo alionekana kwenye video akimwonya Nyagah ana kwa ana asiwapendelee M23. Aprili Nyagah aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Jenerali Alphaxard Kiugu, na Desemba kikosi kikafungasha kwa sababu Kongo ilikataa kuongeza muda. M23 walikuwa bado Bunagana.

Wengi walimlaumu kamanda kwa ulegevu. Naona lawama hiyo haikumtendea haki. Ukali ungehitaji idhini ambayo miji mikuu haikukubaliana kuitoa. Upole ulionekana Kinshasa kama usaliti. Kilichofanana na mvutano wa timu changa hakikuwa hatua ya pili ya Tuckman, kwani mvutano ule huwa wa watu waliokwisha kukubali kukaa pamoja. Hapa majeshi manne yalimsikiliza kamanda mmoja huku yakisubiri neno la serikali zao.

Jaribio la tatu linaondoa shaka kwamba tofauti ilikuwa ya mataifa husika. Desemba 2023 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilileta misheni yake, SAMIDRC, yenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, nchi zilezile za 2013, na safari hii idhini ya kupigana ilikuwapo. Lakini walikuta uwanja wenye FARDC, wanamgambo wa Wazalendo wanaoiunga mkono serikali, na Warundi waliokuja kwa makubaliano yao wenyewe na Kinshasa, huku MONUSCO ikiwa na mnyororo wake wa amri. Goma ilitekwa Januari 2025, na Machi SADC ikaamua kuhitimisha misheni. Uzoefu wa vita ulikuwapo, wajibu wa kushambulia ulikuwapo. Hakukuwa na mtu mmoja ambaye wote hao walipaswa kumjibu, na mtu huyo hawezi kuundwa na kamanda aliyeko uwanjani. Huundwa mezani, na wanaotuma askari, kabla ndege ya kwanza haijaruka.