Londiani hadi Tenwek: Kijiji kwa Kijiji katika Nchi ya Chai

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, neno kijiji halina maana moja. Londiani, kijiji ni nyumba zilizoota kando ya stesheni ya reli, au makazi ya wafanyakazi wa msitu. Kericho, ni kambi ya wachuna chai, safu baada ya safu ya nyumba zinazofanana kama mapacha. Bomet, mgeni anaweza kupita katikati ya kijiji akauliza kijiji kiko wapi, kwa sababu maboma yametawanyika juu ya vilima na kinachoyaunganisha ni kokwet, baraza la majirani. Safari ya polepole kutoka Londiani hadi Tenwek, kwa miguu pale njia inaporuhusu na kwa boda au matatu pale isiporuhusu, hupitia aina zote hizo. Lakini haifuati umri wa aina hizo: ile ya mwisho njiani ndiyo ya kale kuliko zote.

Londiani ni mtoto wa reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu Desemba 1901. Kabla ya kuteremka ziwani ilibidi ipande Mau, na kilele chake, Mau Summit, kiko futi 8,322 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 2,500. Londiani iko ng'ambo ya kilele hicho, pale garimoshi linapoanza kushuka. Kutoka hapo hadi Fort Ternan mabonde yalikuwa mengi na ya kina hivi kwamba yalihitaji madaraja 27 ya chuma, yaliyojengwa na American Bridge Company ya Marekani.

Stesheni hiyo ilipata umuhimu ambao ukubwa wake wa leo hauuonyeshi. Walowezi walipoanza kumiliki uwanda wa Uasin Gishu, hakukuwa na reli ya kuwafikisha huko. Mizigo ilishushwa Londiani, ikapakiwa kwenye magari ya kukokotwa na maksai, ikasukumwa kaskazini kupitia msitu na matope hadi kwenye shamba lililosajiliwa kwa nambari 64, mahali panapoitwa Eldoret siku hizi. Wazee wa Eldoret bado husimulia kisa cha sefu ya benki iliyosafirishwa kwa njia hiyo. Iliposhushwa kutoka garini ikawa nzito mno kuinuliwa tena, basi benki ikajengwa kuizunguka. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini yeyote aliyewahi kukwama kwenye barabara ya udongo ya Londiani mwezi wa Aprili hatakikataa haraka. Mwaka 1924 reli mpya kutoka Nakuru ilipita Timboroa ikafika Eldoret, na kazi ya maksai ikaisha. Londiani ikabaki stesheni ya kawaida.

Kilichobaki ni msitu. Kenya Forestry College, chuo cha wahifadhi misitu, kilifunguliwa Londiani mwaka 1957, na kizazi baada ya kizazi cha maafisa wa misitu wa Kenya kimejifunza hapo kupima mti na kusoma udongo. Kijiji cha msitu kilitokana na utaratibu uitwao shamba. Mfanyakazi alipewa kipande kilichokatwa miti, akapanda viazi, mahindi au karoti katikati ya miche ya mvinje na msonobari, akaipalilia yote pamoja. Baada ya miaka kama mitatu miche ilifunga kivuli, naye akahamia kipande kingine. Serikali iliupiga marufuku utaratibu huo katika miaka ya 1980, ukarudi, ukafungwa tena, na sasa unaendeshwa kwa masharti mapya chini ya jina la PELIS. Anayetembea pembezoni mwa msitu wa Londiani huziona hatua zote kwa mara moja: hapa viazi vyenye maua meupe, pale miche iliyofika magotini, na mbele kidogo miti iliyoziba jua, hata ndege hawasikiki.

Mashamba ya walowezi yaliyozunguka mji yaligawanywa baada ya uhuru, na watu wa jamii mbalimbali wakanunua au wakapewa ardhi. Ghasia za mwaka 1992 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilichoma nyumba na kuwafukuza wengi. Mtembeaji akiona msingi wa nyumba uliomezwa na magugu, afadhali asiulize maswali mengi mbele za watu. Pamoja na hayo, wageni hawakuacha kuja. Tangu 2002 shirika lililoanzishwa Ireland kwa jina la Friends of Londiani, ambalo sasa linaitwa Brighter Communities Worldwide, limekuwa likileta watu wa kujitolea wanaokaa na wenyeji na kufanya kazi za afya na shule. Hivyo Londiani, mji usio na mbuga wala ufuo, unajulikana mjini Cork, Ireland, kuliko miji mingi ya Kenya iliyo mikubwa zaidi.

Njiapanda ya Londiani kwenye barabara kuu, ambayo kila mtu huiita Junction, ni soko la kando ya lami: viazi kwenye ndoo, kabeji, karoti zilizooshwa zikang'aa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo hapo likawavamia wachuuzi, abiria na waendesha boda, na zaidi ya watu 50 wakafa.

Anayefuata reli kutoka Londiani badala ya lami huteremka hadi Kipkelion, ambayo kwenye ramani za kikoloni iliandikwa Lumbwa. Ni jina ambalo Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, walipachikwa na wengine na ambalo wao wenyewe hawakulipenda kamwe. Mwaka 1956 watawa wa Trappist kutoka Uholanzi walianzisha hapo monasteri yao, wakafuga ng'ombe na kuishi kwa kimya cha kanuni yao hadi mwaka 2008, walipohamia Uganda baada ya ghasia. Chini zaidi ni Fort Ternan. Katika shamba la Fred Wicker, Louis Leakey alichimbua mwanzoni mwa miaka ya 1960 taya la kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 14 iliyopita, akalipa jina Kenyapithecus wickeri kwa heshima ya mwenye shamba. Katika mteremko huo mmoja mazao hubadilika kama kurasa: viazi na pareto juu, kahawa katikati, miwa chini, Muhoroni. Garimoshi la abiria la Nairobi hadi Kisumu lilirejea Desemba 2021 baada ya njia kukarabatiwa, na hakuna dirisha lingine nchini linaloonyesha mabadiliko hayo kwa nauli ndogo namna hiyo.

Njia ya lami, kwa upande wake, inaingia kwenye chai. Asili ya jina Kericho ina wadai wawili. Kuna wanaolihusisha na kerichek, yaani dawa kwa Kikipsigis, wakisema mganga aliishi hapo, na kuna wanaolihusisha na kiongozi wa Kimaasai, Ole Kericho. Chai haikuwa zao la kwanza kupangiwa eneo hilo na wakoloni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 zilitengwa kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa, wakapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafilisika, na ardhi ikawa inatafuta mwenye pesa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifika. Chai ilikuwa imeshapandwa Limuru tangu 1903, lakini ni Kericho, yenye mvua ya karibu mwaka mzima na udongo mwekundu wenye asidi, iliyoonyesha kwamba Kenya inaweza kushindana na India na Ceylon.

Watu waliokuwepo hapo hawakuulizwa. Ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, uliandamwa zaidi kwa sababu ulihofiwa. Kipchomber arap Koilegen, ndugu wa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alihamishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1914, akafia uhamishoni Fort Hall, ambayo ni Murang'a ya leo. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai wote, na mamia wakapelekwa Gwassi kando ya ziwa, nchi ya joto na mbung'o, wakakaa huko hadi mwaka 1962. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandikia Uingereza kuhusu mambo hayo mwaka 2021. Miongozo mingi ya watalii huipita habari hii kana kwamba vilima vya Kericho vilizaliwa vikiwa vya kijani.

Kambi za wachunaji ndicho kijiji ambacho kampuni zilijenga. Wafanyakazi wa mwanzo wengi walitoka mbali, Nyanza na magharibi, kwa hiyo kambi ikawa mahali ambapo Mluo, Mkisii na Mluhya walipanga nyumba ukuta kwa ukuta, watoto wakasoma shule moja na Kiswahili kikawa lugha ya mlangoni. Wageni wa kampuni walilala kwingine: hoteli ya Tea Hotel ilijengwa miaka ya 1950, ikiwa na bustani inayotazama majani chai. Siku hizi mashine za kuchuna zimeingia mashambani na kazi za mikono zimepungua. Mashamba yenyewe, yale ya Finlay na yale yaliyokuwa ya Brooke Bond, yaliuzwa kati ya 2023 na 2024 kwa Browns ya Sri Lanka, Ceylon ya zamani. Mshindani amekuwa mwenye mali.

Mjini Kericho kuna majengo mawili ya ibada yanayostahili nusu siku. Gurdwara ya Masingasinga inamkumbuka Baba Puran Singh, aliyefika Kenya mwaka 1916 na kuishi Kericho kwa miongo mingi kabla ya kuhamia Uingereza, ambako wafuasi wake waliunda jumuiya kubwa. Mahujaji huja kutoka ng'ambo, na yeyote anayeingia, awe na dini yoyote, hupewa chakula bila malipo. Kanisa kuu la Katoliki la Sacred Heart, lililofunguliwa mwaka 2015, lina paa la vigae linaloteremka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama ubavu wa kilima chenyewe. Karibu na mji, Chagaik, bustani ya miti iliyoanzishwa na mkulima wa chai, ni mahali pazuri pa kusubiri mvua ya mawe ipite. Na itakuja tu, kwa maana Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

Kusini mwa Kericho, mashamba makubwa yanakoma na vipande vidogo vinaanza. Hapo ndipo majina ya mahali yanapoanza kusema. Kap ni kwa fulani, au mahali pa jambo fulani: Kapkoros ni mahali pa ibada ya kale, kabla ya kanisa, na sasa ni jina la kiwanda cha chai. Kapkatet ilipata umaarufu wa ajabu. Mwaka 1950 mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alipita hapo na mashine yake ya kurekodi, wasichana wakamwimbia habari za Chemirocha, nusu mtu na nusu swara. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwenye santuri. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za nyimbo hizo zilirudishwa kwa wenyewe.

Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai hadi miaka ya 1950. Kenya Tea Development Authority, iliyoundwa mwaka 1964, ndiyo iliyoifikisha kwa mkulima mdogo, na kituo cha kununulia majani chai kikawa kitovu kipya cha kokwet. Ni kibanda cha mabati chenye mizani ya kuning'inia. Asubuhi hadi adhuhuri watu hufika na majani mawili na chipukizi lake, huyamwaga mezani, huondoa yaliyokomaa, hupima, hupewa risiti. Wakati wa kusubiri lori ndipo habari zote za kijiji husemwa: nani ameuza ng'ombe, nani amefiwa, bonasi ya mwaka huu itakuwa shilingi ngapi kwa kilo. Mgeni akisalimu kwa Chamgei, atajibiwa Chamgei mising, na mara nyingi atakaribishwa nyumbani.

Nyumbani ni mursik. Kibuyu, sotet, husuguliwa ndani kwa sosiot, brashi ya kijiti kilichochanwachanwa ncha. Kisha kaa la mti wa senetwet hupondwapondwa ndani yake mpaka ukuta wote uwe mweusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa humiminwa, kibuyu hufunikwa, huachwa siku kadhaa. Yanapotoka huwa mazito, yana rangi ya kijivu na michirizi ya majivu, yenye ukali unaokata utamu wa chai. Mara nyingi huja pamoja na ugali, kimyet, na sukuma wiki. Mtu hamalizi kikombe akakataa cha pili bila kuulizwa kama ni mgonjwa.

Mashariki mwa maboma hayo, chai inafika hadi ukingoni mwa msitu wa Mau. Mkanda huo si wa mkulima wala wa kampuni. Ni Nyayo Tea Zone, iliyoanzishwa mwaka 1986 chini ya Rais Moi ili chai iwe ua kati ya shoka na mti. Bomet ilikuwa sehemu ya Kericho hadi mwaka 1992 ilipopewa wilaya yake, na karibu na mji huo ndipo ilipo Tenwek, ambako zahanati ya wamisionari iliyoanza mwaka 1937 imekuwa hospitali kubwa inayofundisha madaktari wa upasuaji. Nyuma ya hospitali, mto Nyangores unaanguka kwenye mwamba, na tangu 1987 maporomoko hayo yanaizalishia hospitali umeme. Kuna kijia kinachoshuka hadi majini, chenye utelezi wakati wa mvua.

Maji hayo yametoka Mau. Kutoka Tenwek mto unaendelea kusini, unaungana na Amala, unaitwa Mara, unapita mbugani ambako watalii wengi hufika kwa ndege, unavuka mpaka wa Tanzania, na unaingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma.