Bibi wa Askari: Neno Moja na Historia ya Kungoja katika Mwambao wa Tanganyika

Mwezi Desemba 1918, meli ziliingia Kigoma zikitokea Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Zilichukua masalio ya jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, ambalo lilikuwa limesalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Kutoka bandarini watu hao walipandishwa garimoshi hadi Tabora, na huko askari Waafrika wakawekwa kambini kabla ya kuruhusiwa kurudi makwao.

Vitabu humtaja kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, na huhesabu bunduki zilizokabidhiwa. Lakini pamoja na askari hao, waliozidi elfu moja, walikuwamo wanawake na watoto: wake waliotembea na waume zao miaka minne ya vita. Maofisa wa Kijerumani walipoandika kumbukumbu zao waliazima neno letu moja kuwaita: bibi. Kwao lilitosha kumaanisha mwanamke wa askari, anayefuata nyuma ya msafara. Sisi tunajua kuwa neno hilo ni pana zaidi. Bibi ni mke. Bibi ni mwanamke wa heshima. Bibi ni mzaa mama au mzaa baba. Naomba msomaji tuzipitie maana hizo moja baada ya nyingine, kwani historia ya wake wa askari katika mwambao huu imo ndani yake.

Tuanze na mke. Kabla ya vita, askari wa Kijerumani waliishi na familia zao katika vijiji vilivyojengwa kando ya boma. Vita vilipokuja, nyumba iliinuka ikatembea. Mke alibeba vyombo, alitafuta kuni na maji, alitwanga, alipika. Watoto walizaliwa njiani. Hakuwa na haja ya kuuliza mumewe yuko wapi. Hata hivyo kufuatana nako kulikuwa na mwisho wake. Mwezi Novemba 1917, chakula na risasi vilipopungua, jeshi lilipunguzwa kabla ya kuvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na wagonjwa, majeruhi na wengine wengi wakaachwa nyuma. Yaliyokuwa matembezi ya watu wawili yakawa safari ya mmoja na ngojo ya mwingine.

Hapo tunafikia maana ya pili, mwanamke wa heshima, nami naiweka hasa kwa aliyebaki. Waliobaki walikuwa wengi kuliko waliofuata, kwa sababu vita vile vilibebwa vichwani. Kwa kila askari walihitajika wapagazi, na pande zote mbili zilichukua wanaume vijijini kwa maelfu, wengi bila hiari. Waliokufa kwa maradhi na njaa walizidi waliokufa kwa risasi. Jeshi la wapagazi wa Kiingereza lilituachia jina la Kariakoo, ambalo leo tunalitamka tukifikiria soko na mpira, wala hatukumbuki kwamba lilikuwa jina la watu wasiorudi.

Mke wa mtu wa namna hiyo hakupata barua. Mshahara ulichelewa au haukuja; hata askari waliofika Abercorn waliondoka na hati za madai ya mishahara yao badala ya fedha. Katika mji wa Kiislamu kama Ujiji palikuwa na uzito mwingine. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Je, ambaye mumewe hajulikani yu hai au amekufa, aanze lini kuhesabu? Si mjane, na kitandani pake hapana mume. Mafakihi waliliandikia suala hilo kurasa nyingi, lakini aliyelala nalo kila usiku ni yeye.

Ndipo naona neno fahari lichunguzwe. Kiswahili kimelipa neno hili maana mbili: utukufu anaojionea mtu, na dume la ng'ombe, lile ambalo methali inasema wawili wake hawakai zizi moja. Tukizungumza juu ya fahari ya vita, mara nyingi tunamwona huyo dume: kifua, bunduki, nishani. Fahari ya mke aliyebaki haikuwa na kifua cha kutundikia kitu. Ilikuwa fahari ya amana. Mume ameondoka, ameacha jina, watoto, shamba la michikichi na deni dukani. Akirudi avikute vimesimama. Mabaharia walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini ngama lazima iwe na mtu wa kukumba maji, la sivyo atakayerejea hatakuta chombo.

Maana ya tatu ni nyanya. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Dar es Salaam Sanamu ya Askari, na maandishi yake yakaahidi kwamba anayeifia nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Tuache swali la nchi hiyo ilikuwa ya nani wakati ule, ingawa ni swali zito. Tuulize jepesi zaidi: watoto walifunzwa jina hilo na nani? Sanamu haina majina. Mwaka huohuo meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyozamishwa na wenyewe Julai 1916, ilirudi kazini ziwani kwa jina la Liemba, na kisa chake kimeandikwa mara nyingi. Majina ya wapagazi na askari yalibaki kwa mabibi, jioni, mekoni.

Uhuru uliliondoa swali zito. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma, mwanamke aliyemuaga mumewe alijua anakwenda kulinda nchi ipi. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini wapo askari wetu waliobaki Uganda muda mrefu baadaye, na kungoja kukaendelea baada ya nderemo kwisha. Kisha mwaka 2013 Tanzania ilituma wanajeshi katika brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo. Siku anga inapotakata, aliyesimama Ujiji huiona milima ya nchi hiyo ng'ambo ya ziwa, ingawa mapigano yenyewe yalikuwa mbali kaskazini. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, waliuawa wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 kwa siku moja. Majeneza yaliagwa kwa heshima za kijeshi. Simu imeondoa ukimya wa mwaka 1917. Haijaondoa mlio wa simu unaotisha usiku.

Ushairi wetu hauwezi kujitetea kuwa hauna mlango wa kuingilia humu. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyepigana miaka mingi na utawala wa Unguja. Tenzi za vita tunazo tele. Utenzi wa aliyebaki nyumbani bado haujapata nafasi yake. Atakayeutunga na aanzie Kigoma, gatini, siku ile ya Desemba, aandike walioshuka melini wakiwa na masufuria vichwani na watoto migongoni. Na awaite bibi, kwa maana zote tatu.