Rolls-Royce ya Mbao na Fundi Asiye na Jina

Wadau, leo tunaanzia Mvumi. Sio ile ya Dodoma, ni Mvumi ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Msimu wa mavuno simama kando ya barabara uangalie malori yanavyobeba mahindi. Mbele ni Fuso la Kijapani, nyuma ni bodi ya mbao iliyogongwa na fundi wa hapa hapa Bongo. Muulize yeyote hilo ni gari gani, atakwambia Fuso. Muulize nani aligonga hiyo bodi. Kimya.

Shika hiyo picha kichwani, sasa twende Uingereza.

Hivi unajua kwamba zamani Rolls-Royce hawakukuuzia gari zima? Kabla ya Vita Kuu ya Pili walikuuzia chasisi, injini na ile pua yenye sanamu. Bodi unaenda kutengenezewa kwingine, kwa watu kama Hooper, Barker au Park Ward. Rolls-Royce ya kwanza kuuzwa ikiwa na bodi ya kiwandani ni Silver Dawn, mwaka 1949. Kwa hiyo bodi ilikuwa kama suti: ukiichoka, unavua, unashonewa nyingine.

Vita ikaisha mwaka 1945, hali ikawa ngumu. Chuma kwa mgao, petroli kwa mgao. Gari jipya lilikuwa na kodi ya manunuzi iliyoanza mwaka 1940, na kufika 1947 gari la zaidi ya pauni 1,000 lilikuwa linapigwa kodi ya asilimia 66 na ushei. Magari ya kazi yakawa na nafuu, kwenye kodi na kwenye mafuta.

Sasa wewe una Rolls-Royce ya miaka ya 1930 imelala bandani. Ni ndefu, inakunywa mafuta kama ng'ombe kisimani, na huna tena hela ya kumlipa dereva wa kuvaa kofia. Unafanyaje? Matajiri wengi walimwita seremala. Ile bodi ya kifahari ikang'olewa, nyuma kukajengwa kibanda cha mbao chenye madirisha na mlango wa nyuma wa kupakilia mbwa, bunduki na magunia. Gari la mabwanyenye likawa gari la shamba. Nyingine hazikubahatika hata hivyo, ziliishia kubeba maiti.

Mbao iliyopendwa ilikuwa ya mti unaoitwa ash, kwa sababu inapinda bila kukatika haraka. Ugonjwa wake ni maji. Usipopiga vanishi mara kwa mara, inaoza kwenye maungio na gari linaanza kulia kama kitanda cha kamba.

Na hili jina stesheni wagoni mnalotumia kila siku, ndiyo limetoka kwenye familia hiyo hiyo. Marekani, magari ya bodi ya mbao yalikuwa yanapokea abiria na mizigo stesheni ya treni. Mwaka 1929 Ford wakaanza kuuza Model A ya aina hiyo moja kwa moja kutoka kiwandani.

Msidhani huku kwetu tulikuwa tumekaa tu. Miaka ya 1920, walowezi na wawindaji Nairobi walikuwa wanachukua magari ya Kimarekani na kujengewa boksi la mbao nyuma ya kiti cha dereva, ndiyo boksi-bodi. Sababu ilikuwa rahisi: barabara mbovu, mizigo mingi, na ubao ukivunjika porini unachonga mwingine. Kazi hizo zilifanywa sana na mafundi wa Kihindi, wakiwemo Makalasinga, na Waafrika waliokuwa wakishika randa pembeni yao.

Novemba 1928 akaja Tanganyika kuwinda Edward, mtoto wa Mfalme George V. Aliyemwongoza ni Denys Finch Hatton. Akiwa upande wa Dodoma ikamfikia telegramu kwamba baba yake yuko hoi. Akapanda treni mpaka Dar, pale akachukua meli ya kivita, HMS Enterprise. Na Reli ya Kati mnaijua: kutoka Dodoma kwenda Dar lazima upite Kilosa.

Angalia basi kilichobaki. Jina la mwana mfalme tunalo. La mwongozaji tunalo. La meli tunalo. Waliopika, waliobeba, waliogonga misumari kwenye magari ya safari za namna ile, majina yao nani aliyaandika?

Mchezo huo ukajirudia kwetu miaka ya 1980. UDA, iliyoanzishwa 1974, ilikuwa imezidiwa, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar. Zikaja chai maharage: pikapu, nyuma bodi na mabenchi mawili, abiria mnatazamana kama mko kwenye mgahawa. Zanzibar daladala za mbao zilidumu hata zaidi, ubavu wazi, upepo bure. Bara na Visiwani, mji mzima ulifika kazini kwa mikono ya maseremala.

Kule Uingereza nako, mbao zilipokuja kuonekana za kishamba, baadhi ya wenye magari waling'oa vile vibanda na kurudisha bodi za kifahari. Kazi ya seremala ikaishia kuni. Zile chache zilizobaki leo wenye hela wanazililia, lakini bado zinaitwa Rolls-Royce tu.

Ukienda Makumbusho ya Taifa pale Dar utakuta Rolls-Royce aliyowahi kutumia Mwalimu Nyerere. Watu wanapiga picha na kuulizana nani alikaa kiti cha nyuma. Ni swali zuri, ila sio swali pekee.

Kwa hiyo ukirudi kijijini likizo hii, Mvumi au popote, ukakuta mzee ana randa kuukuu chini ya uvungu, usimpite. Muulize aligonga bodi za magari gani, na jina lake kamili ni nani. Halafu liandike. Pua ya gari ina jina lake tayari, yeye bado.